Kati ya Lango na Lami: Historia ya Kibali cha Njia ya Nyumbani Ayivu



Ukitoka katikati ya mji wa Arua na kushika barabara ya kaskazini iendayo Koboko, hutakwenda mbali kabla ya kujikuta katika nchi ya Waayivu. Nyumba zimejipanga kandokando ya lami, za bati na za nyasi, na kati ya kila nyumba na lami upo mtaro, na juu ya kila mtaro lipo daraja dogo. Madaraja hayo ndiyo yaliyonifanya niandike somo la leo. Mengine ni ya zege, na chini yake limelazwa kalvati linalopitisha maji bila kizuizi. Mengine ni magogo ya mkaratusi yaliyofunikwa kwa udongo. Na mengine si madaraja hata kidogo: mwenye nyumba ameufukia mtaro kwa mawe na kifusi ili gari lipite, na maji yameachwa yajitafutie njia, ambayo mara nyingi huwa ni ua wa jirani.

Msimu mmoja wa mvua nilimkuta mzee mmoja amesimama mbele ya kifusi chake, fimbo mkononi. Kijana wake alikuwa amenunua gari, na familia ilikuwa imefukia mtaro kwa siku moja, watoto wakibeba mawe. Siku chache baadaye walifika maafisa, wakamwambia aondoe kila kitu kwa sababu hakuwa na kibali. Jina lake sitalitaja, wala la ofisi iliyowatuma maafisa hao. Mzee aliponiona alinisalimu, kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo:

“Mwalimu, barabara hii baba yangu aliichimba kwa jembe lake mwenyewe, bila malipo. Leo mimi mwanawe niombe ruhusa ya kuingia kwangu?”

Nilimwambia, “Mzee, nipe muda nikutafutie jibu.” Makala haya ni sehemu ya jibu hilo.

Tuanze na maneno, kwa kuwa wengi wenu mnaosoma hapa mnajifunza Kiswahili. Mzee alisema ruhusa, maafisa walisema kibali, na sheria husema idhini. Maneno hayo matatu hukaribiana, lakini hayalingani. Ruhusa yaweza kutolewa kwa mdomo: mtoto huomba ruhusa ya kwenda kucheza. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, nayo hudai kwamba aliyeitoa amefikiri kabla ya kukubali. Kibali ni idhini iliyoandikwa, unayoweza kuikunja, kuiweka mfukoni na kumwonyesha mtu mwingine. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na yote yalizoeleka katika lugha yetu kabla ya afisa yeyote wa Kiingereza kuweka muhuri Arua. Tazama pia neno barabara. Ukikaza sauti kwenye silabi ya tatu, kama kawaida ya Kiswahili, umetaja njia kuu. Ukikaza kwenye silabi ya pili, umesema “sawasawa kabisa”. Wanafunzi wangu hucheka wanaposikia hivyo, kwa sababu barabara walizokulia hazikuwa barabara.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya mwaka 1914, nchi hii haikuwa sehemu ya Uganda. Ilikuwa ndani ya eneo lililoitwa Lado, ambalo Uingereza ililikodisha kwa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa mkataba wa mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likaingia mikononi mwa serikali ya Sudan. Ndipo sehemu yake ya kusini ilipohamishiwa Uganda mwanzoni mwa mwaka 1914, na afisa wa Kiingereza, A. E. Weatherhead, akafungua kituo cha utawala Arua. Mipaka ilikuwa imebadilika mara tatu katika miaka ishirini, na sidhani kama kuna aliyemuuliza Mlugbara hata mmoja.

Njia zilikuwepo. Msiwaze kwamba watu waliishi bila njia hadi walipoletewa. Lakini njia ya wakati ule ilikuwa kazi ya miguu. Ilitoka aku, yaani boma la familia, ikapita pembeni mwa shamba la ndugu, ikashuka kisimani, ikapanda hadi kwa ukoo wa jirani. Mtu aliyetaka kupita mahali papya alizungumza na wenye ardhi, na wazee wa ukoo wakasikia. Mtu akilima juu ya njia, miguu ilisogea kidogo na njia ikasogea nayo. Haikuwa na upana uliopimwa wala mtaro, na haikuwa ya mtu asiyejulikana. Kila kipande chake kilikuwa na jirani mwenye jina.

Barabara ya serikali ilikuja na tabia nyingine. Ilinyooka. Ilitakiwa ifike mahali, na mahali penyewe palichaguliwa na mtu mwingine. Mojawapo ya njia muhimu za mwanzo iliunganisha Arua na bandari ya Rhino Camp kwenye mto Nile, ambako meli za mvuke zilifika kutoka Butiaba, Ziwa Albert. (Jina hilo la kambi ya vifaru lina kisa chake: Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi katika eneo la Lado mwaka 1910 kuwinda vifaru weupe.) Mizigo ya serikali ilipanda kwa njia hiyo, na baadaye mazao ya biashara yakashuka kwayo.

Nani alizichimba barabara hizo? Hapa mzee wetu hakutia chumvi. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1919 iliwapa machifu uwezo wa kuwaita wanaume kwenye kazi za lazima, na barabara ndiyo iliyokuwa kazi kubwa. Buganda waliiita luwalo, na mtu aliweza kudaiwa siku 30 kwa mwaka bila ujira. Huku kwetu opi, yaani chifu, aligawiwa kipande, naye akakigawa kwa koo, na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Mvua ikiharibu, watu waliitwa tena. Kodi ya kichwa ilikuwa juu ya hayo yote, na ndiyo iliyowasukuma vijana wengi wa Kilugbara kuondoka, kwa miguu na kwa meli, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Busoga na Buganda. Kwa hiyo barabara ilichimbwa kwa nguvu za kijiji, kisha ikawachukua vijana wa kijiji hichohicho.

Ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi tu kutoka Vurra, utawala wa Kibelgiji nchini Kongo ulikwenda mbali zaidi: uliwahamisha wanavijiji kwa nguvu wakae kandokando ya barabara, ili wahesabike kwa urahisi na waitwe kazini kwa urahisi. Upande wa Uganda watu walisogea barabarani polepole na kwa sababu zao: soko, shule, zahanati, lori la pamba au la tumbaku. Matokeo yalifanana. Boma lililokuwa mlimani lilishuka, na mlango wake ukageukia barabara.

Na sheria ikaja kuchora mstari mbele ya mlango huo.

Chanzo cha mstari huo hakikuwa Arua. Katika jadi ya sheria ya Kiingereza, mtu mwenye ardhi inayopakana na njia kuu alikuwa na haki ya kutokea njiani mahali popote penye mpaka wake. Haki hiyo ilifaa enzi za mikokoteni. Magari yalipoongezeka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wajenzi wa Uingereza walipanga nyumba kandokando ya barabara kuu, maili baada ya maili, kila nyumba na lango lake la gari, mpaka barabara zilizojengwa kuunganisha miji zikageuka mitaa mirefu isiyoisha. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ujenzi huo wa kufuata barabara kama utepe. Tangu hapo, mtu aliyetaka kufungua lango jipya kwenye barabara iliyoorodheshwa alilazimika kupata idhini ya mamlaka ya barabara. Kwa hiyo ombi ambalo mzee wa Ayivu anaambiwa aliandike lina babu, na babu huyo alizaliwa kwa hofu ya msongamano wa magari mahali ambapo mzee hajawahi kufika.

Miaka 14 baadaye, Uganda ilipata Sheria ya Barabara ya mwaka 1949. Sheria hiyo ilimpa mtawala uwezo wa kutangaza hifadhi ya barabara: eneo lililofungwa na mistari miwili ya kufikirika, sambamba na katikati ya barabara, kila mmoja ukiwa umbali usiozidi futi 50. Futi 50 ni mita 15 na kidogo. Ndani ya mistari hiyo hakuna aliyeruhusiwa kujenga, kupanda mti wala kupanda mazao ya kudumu bila idhini ya maandishi. Tafakari maneno “mistari ya kufikirika”. Haikuwa na ua, wala mawe ya mpaka yaliyoonekana na kila mtu. Mwembe uliopandwa na bibi yako unaweza kuwa na mizizi upande huu wa mstari na kivuli upande ule, na kwa miaka mingi asiwepo wa kukuambia.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi kilipo, na ningependa msikipite haraka. Kutangaza hifadhi si sawa na kununua ardhi. Sheria ilizuia matumizi; haikusema kwamba serikali imelipa na kuchukua umiliki. Kwa hiyo kati ya lango na lami pakawa na kipande chenye mabwana wawili: ukoo unaosema “ni petu tangu zamani”, na mamlaka inayosema “usiguse bila kuniuliza”. Wote wawili wanasema kweli. Mwenye nyumba hana njia ya kutoka isipokuwa kwa kukatiza kipande hicho, na kila daraja dogo juu ya mtaro limesimama juu ya ukweli huo mara mbili.

Kuna sheria nyingine ambayo haitajwi sana, nami nakiri kwamba naipenda kuliko ile ya 1949. Ni Sheria ya Njia za Kufikia Barabara, ya mwaka 1969, miaka saba baada ya uhuru. Ile ya kwanza ilimfikiria mtu aliye mbele, aliyepakana na barabara. Hii ilimfikiria mtu aliye nyuma, ambaye ardhi yake imezungukwa na ardhi za wengine na hana pa kupitia. Utaratibu wake ulianza na mazungumzo: mwenye ardhi alitakiwa kwanza ajaribu kukubaliana na majirani. Wakikataa, aliweza kwenda mahakamani kwa hakimu kuomba idhini ya kujenga njia juu ya ardhi zilizo kati yake na barabara ya umma, na waliopitiwa na njia hiyo walistahili fidia. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1920, wakati mashamba ya walowezi yalipokuwa yakikatwa na kupangwa, na maombi yalipelekwa kwenye bodi ya barabara ya wilaya. Wazo lililowahudumia walowezi huko, Uganda huru ililiweka mikononi mwa hakimu na kumfungulia kila mwenye ardhi.

Ukiisoma sheria ile kwa macho ya mtu wa Ayivu, utaona kitu unachokifahamu. Kwanza zungumza na jirani. Likishindikana, nenda kwa wazee. Aliyepoteza afutwe machozi. Walioiandika huenda hawakumfikiria Mlugbara hata kidogo, lakini hatua zao zilipita palepale zilipopita za wazee wa ukoo.

Kisha ikaja miaka ambayo hakuna aliyefikiria vibali. Idi Amin, ambaye nasaba yake ni ya Koboko, alipinduliwa Aprili 1979. Kuanzia Oktoba 1980 vita na ulipizaji kisasi viliikumba West Nile, na watu wengi mno walikimbilia Zaire na Sudan. Mabomba ya mitaro, nguzo za mipaka, barua zilizohifadhiwa katika masanduku ya bati: vingapi vilibaki? Watu waliporejea, wengine baada ya miaka mingi, baadhi ya wazee waliojua kwamba njia ya ukoo fulani ilipita kati ya mti fulani na jiwe fulani walikuwa wamefia ugenini. Nyumba zilijengwa upya, na watu wengi walitaka kuwa karibu na barabara, mahali lori la chakula lilipofika na mahali ambapo mtu angeweza kukimbia tena ikibidi. Unapoona leo nyumba iliyobanana na lami, usikimbilie kumwita mwenyewe mvamizi. Uliza kwanza ilijengwa mwaka gani, na aliyeijenga alikuwa ametoka wapi.

Lami yenyewe ilichelewa. Barabara kutoka Vurra kwenye mpaka wa Kongo, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, nayo iliwekwa lami katika miaka ya 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia. Aliyewahi kusafiri juu ya vumbi lake jekundu hahitaji kuambiwa thamani yake. Mgonjwa hufika hospitali, na nyanya hufika sokoni zikiwa nzima. Lakini barabara ya lami ni ya juu zaidi, magari yake hukimbia zaidi, na mtaro wake ni wa kina zaidi. Pale ambapo mtu alikuwa akitoka uani na kukanyaga barabara moja kwa moja, sasa kuna shimo la kuvuka. Njia ya nyumbani, ambayo haikuwa jambo la kufikiriwa, ikawa kazi ya ujenzi.

Wakati huohuo, sheria ilikuwa ikiendelea kusogea. Katiba ya mwaka 1995 ilitamka kwamba ardhi ya Uganda ni ya raia, ikatambua umiliki wa kimila kuwa sawa na aina nyingine za umiliki, na katika ibara ya 26 ikasema kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake kwa lazima bila kulipwa fidia ya haki, na kulipwa kabla. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha neno hilo “kabla” katika kesi iliyoihusu Mamlaka ya Taifa ya Barabara: kifungu cha sheria ya zamani ya utwaaji wa ardhi kilichoruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye kilikinzana na Katiba. Kwa mtu mwenye ardhi kando ya barabara, hukumu hiyo ina uzito kuliko hotuba nyingi.

Mwaka 2010 Sheria ya Mipango ya Ardhi na Makazi ilitangaza kwamba Uganda nzima ni eneo la mipango, kijiji kwa mji. Mwaka 2019 ikapitishwa sheria mpya ya barabara, iliyozifuta zile mbili za 1949 na 1969 na kuziweka shughuli zake chini ya paa moja. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ikawa jiji, na vijiji vya Ayivu vikageuzwa kuwa mojawapo ya divisheni zake mbili. Watu wa Pajulu, Oluko, Dadamu na kwingineko walilala wakiwa wanakijiji wakaamka wakazi wa jiji, bila kuhama hata hatua moja. Muhogo ulibaki shambani. Ila sasa mbele ya muhogo kulikuwa na ofisi ya mhandisi wa jiji.

Basi mtu akitaka kufungua njia ya gari leo, aende wapi? Swali la kwanza ni la aina ya barabara, maana Uganda ina aina nne: za taifa, za wilaya, za mijini, na njia za jamii zinazosimamiwa na kaunti ndogo. Barabara ya Koboko ni ya taifa. Barabara za taifa zilisimamiwa tangu mwaka 2008 na Mamlaka ya Taifa ya Barabara, iliyokuwa na kituo Arua. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwishoni mwa mwaka 2024 na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara za mitaa ya jiji ni za jiji lenyewe. Wengi hupoteza wiki kadhaa kwa kupeleka barua sahihi kwenye ofisi isiyohusika.

Barua hiyo ieleze mambo ya kawaida tu: wewe ni nani, ardhi iko wapi, njia itakatiza wapi, itakuwa na upana gani, maji yatapitaje. Barua ya mwenyekiti wa kijiji husaidia, na mchoro wa mkono ulio wazi husaidia zaidi. Mahali penye umiliki wa kimila, hati huenda isiwepo; Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliweka cheti cha umiliki wa kimila kwa anayekitaka, lakini umiliki hautokani na cheti hicho, na asiyekuwa nacho bado ni mwenye ardhi. Mhandisi atakuja kutazama mambo mawili hasa. La kwanza ni macho: dereva anayetoka ataonwa na anayekuja, au lango liko kwenye kona? La pili ni maji.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Awali nilidhani kibali ni njia nyingine ya kumchosha maskini. Kisha nikatembea kuufuata mtaro wa yule mzee kuelekea chini. Kifusi chake kilikuwa kimezuia maji. Maji yakapanda, yakavuka ukingo, yakakata bega la lami upande mmoja, na upande wa pili yakaingia katika nyumba ya mjane mwenye watoto, yakaondoka na nusu ya ukuta wa jiko lake. Mtaro unatoka mbali na kwenda mbali. Anayeuziba mbele ya nyumba yake anaamua kwa niaba ya watu asiowaona. Kalvati la saruji, mara nyingi la kipenyo cha sentimita 60 au zaidi, likilazwa kwa mteremko unaofaa, linampa mmoja njia bila kumnyima mwingine jiko. Mwombaji ndiye anayelinunua kwa fedha zake, na bei yake si ndogo kwa anayeishi kwa kuuza nyanya.

Kwa hiyo, nilipomrudia mzee, sikumwambia kwamba maafisa wamekosea. Nilimweleza kwamba baba yake alifanya kazi ya lazima na hakulipwa, na kwamba hilo lilikuwa dhuluma ambayo kibali hakiifuti wala hakiithibitishi. Nilimweleza pia kwamba kibali si hati ya ardhi: kinamruhusu kukatiza, hakimpi hifadhi, na barabara ikipanuliwa daraja lake linaweza kuondolewa. Ila asikubali kuambiwa kwamba ardhi iliyo nyuma ya mstari imekwenda na barabara. Hiyo ni yake, na Katiba ina neno “kabla”.

Alisikiliza, kisha akanionyesha mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa za baba yake, zimekunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa. Alikuwa amezibeba hadi Zaire na kurudi nazo. “Hizi,” akasema, “zilikuwa kibali cha baba kutembea.” Kwa kweli, asiyekuwa na stakabadhi hiyo aliweza kukamatwa njiani, hata kwenye njia aliyoichimba.

Tuliandika barua pamoja, kwa Kiingereza kwa sababu ofisi huzipokea hivyo, ingawa Kiswahili kimetambuliwa kikatiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Nilimsomea tafsiri ya Kiswahili aya baada ya aya, naye akarekebisha mahali nilipokosea kuandika mpaka wake. Jibu lilichukua miezi. Lilipofika lilikuwa ukurasa mmoja wenye muhuri, na masharti mawili kuhusu kalvati. Kifusi kiliondolewa na vijana walewale waliokileta. Ukuta wa jiko la mjane ulijengwa upya, na mzee alitoa matofali.

Mara ya mwisho nilipopita, kalvati lilikuwa mahali pake na gari la kijana lilikuwa uani. Barua ya kibali ilikuwa imeingia katika mfuko wa plastiki pamoja na stakabadhi. Mzee hakuwa na haja ya kuzungumza juu ya hayo. Alikuwa na shauri jingine: jirani wa nyuma, ambaye shamba lake halifiki barabarani, alikuwa amekuja jioni iliyotangulia na kuku mkononi, kuomba apitishe njia ya gari kando ya migomba ya mzee. Mzee hakuwa amejibu bado. Aliniuliza lori dogo lina upana gani. Tukaenda hadi kwenye migomba, tukapima kwa hatua, yeye akihesabu kwa Kilugbara nami kwa Kiswahili.